Nyumba ya Nguzo si Pambo la Ufukweni

Mgeni akifika Malindi na kuomba aonyeshwe historia, jibu la mji ni lile lile la siku zote. Atapakiwa kwenye tuktuk hadi Mnara wa Vasco da Gama, apigwe picha chini ya msalaba wa mawe, atajiwe mwaka 1498, kisha arudishwe hotelini kabla jua halijamchoma. Sisi tunasema jibu hilo ni la uvivu, na limetugharimu. Nahodha yule wa Kireno alitia nanga mwezi wa Aprili, akakirimiwa, akapewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, akaenda zake. Mji tunaoishi ndani yake leo, mashamba yaliyouzunguka, na kesi za ardhi ambazo wajukuu wamezirithi kutoka kwa babu zao, havikutokana naye.

Vilitokana na mji wa pili, ule uliofufuliwa katika miaka ya 1860, na shahidi wake mkubwa amesimama wazi kando ya barabara ya ufukweni, anaitazama bahari. Ni Nyumba ya Nguzo, jengo la ghorofa lililojengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mfanyabiashara wa Kihindi, ambalo tangu mwaka 2004 ndilo Makavazi ya Malindi. Hukumu ya tahariri hii ni kwamba jengo hilo limefanywa pambo, na pambo halitoi ushahidi. Wenye dhamana ni wawili, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na Serikali ya Kaunti ya Kilifi. Wote wawili tunawatia hatiani kwa kosa moja: kuridhika mapema.

Kabla hawajakata rufaa, tueleze kesi.

Wengi hudhani Malindi imeendelea moja kwa moja tangu enzi za yule twiga aliyepelekwa China mwaka 1415. Haikuwa hivyo. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, nguvu zao walizihamishia Mombasa, na mtawala wa Malindi akafuatana nao akawekwa kutawala huko. Waliobaki nyuma walipungua mwaka hadi mwaka, na kufikia nusu ya kwanza ya karne ya 19 Malindi ilikuwa magofu na kichaka. Makaburi ya nguzo karibu na Msikiti wa Ijumaa na lile kanisa dogo la Wareno ni katika vichache vilivyosalimika. Mji uliowapokea Wareno ulikuwa umekufa, na ukikaa kwetu Dabaso hupati tabu kuelewa mji kufa, maana magofu ya Gede yako jirani, na misikiti yake imeota mibuyu.

Aliyeirudisha Malindi ni Sultani Majid wa Zanzibar. Alileta askari, wakafuata walowezi wa Kiarabu na Waswahili kutoka Lamu na kwingineko, na pamoja nao wakaletwa watumwa. Ardhi ilikuwa pana, yenye rutuba, haina mkulima. Kilichokosekana ni mikono, na mikono hiyo ilisafirishwa kwa majahazi kutoka Kilwa na Zanzibar. Wengi walikuwa watu waliotekwa bara ya mbali, huko Nyasa, ambao hawakuwahi kuiona bahari mpaka siku walipopakiwa. Makadirio ya miaka ya 1870 yanawataja kwa maelfu katika mashamba ya Malindi peke yake. Kila mmoja alipimiwa ngwe yake ya siku, na ngwe isipokwisha mnyapara hakuuliza sababu.

Matokeo yake yalistaajabisha hata Waingereza waliopita. Katika muda usiozidi miaka 20 kichaka kiligeuka ghala la pwani. Mtama ulipakiwa wakati wa kusi kwenda Uarabuni. Ufuta ulikwenda Zanzibar, na kutoka huko ukaendelea Ulaya kukamuliwa mafuta. Liwali Salim bin Khalfan, ambaye baadaye alikuwa liwali wa Mombasa, alitajirika kwa mashamba ya Malindi kiasi cha kuhesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pwani nzima. Masimulizi ya mji yanasema watu waliuzwa kwa mnada kila wiki karibu na Msikiti wa Ijumaa, hadi mwaka 1873 Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Kutoka msikitini mpaka Nyumba ya Nguzo ni mwendo mfupi wa miguu. Mtoto anaweza kuutembea akila embe na asiwe amemaliza.

Hapa ndipo anapoingia tajiri wa Kihindi, na hapa ndipo maelezo ya kitalii hukatika. Husemwa tu kwamba alikuwa mfanyabiashara. Biashara gani? Mwenye shamba alihitaji fedha kabla ya mavuno, ya kununua watu, ya kuwavisha, ya kujikimu yeye na jamaa zake mpaka msimu ugeuke. Duka la Kihindi lilimkopesha, na rehani ilikuwa shamba lenyewe. Kwa amri za Waingereza, Mhindi aliyekuwa raia wao alikatazwa kumiliki mtumwa. Kumkopesha mwenye watumwa hakukukatazwa. Hivyo jasho la mtu aliyetoka Nyasa lilipita shambani, likapita ghalani, likaingia daftarini, na mwisho wake likawa nyumba ya ghorofa yenye nguzo mbele ya bahari. Hatumshitaki marehemu mmoja. Tunasema mji wote uliishi kwa biashara hiyo, na jengo hili ndilo risiti iliyobaki.

Tazama ukuta wenyewe. Mawe ya nyumba kama hizi ni ya matumbawe, yamechimbwa mwambani na kubebwa kichwani. Chokaa yake haikununuliwa dukani. Magogo ya mikoko yalipangwa duara, tabaka juu ya tabaka, vipande vya matumbawe vikarundikwa juu, tanuu likawashwa na kuachwa liungue usiku kucha. Moto ulipozimika rundo liliachwa nje lipigwe na umande na mvua mpaka likawa unga mweupe, ndipo fundi akachanganya na udongo mwekundu akajenga. Lipu ya mwisho, niru, ilisuguliwa na kusuguliwa mpaka ikang'aa. Boriti za dari zilitoka kwenye mahori ya pwani, na sisi tunaokaa kando ya hori la Mida tunajua boriti moja ya mkoko ina uzito gani begani, na ukiikata leo itakuchukua miaka mingapi kuona nyingine mahali pale. Katika nyumba za mawe za pwani upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Ndiyo maana nyingi ni nyembamba na ndefu. Aliyepasua jiwe, aliyewasha tanuu na aliyebeba boriti ndio tunaodai watajwe ukutani, kwa maandishi makubwa kuliko ya bei ya tiketi.

Utajiri huo haukudumu. Waingereza waliposhika mwambao mwaka 1895 kwa kuukodi kutoka kwa Sultani, mashamba yalikuwa yameanza kukosa watu. Watumwa walitoroka. Walijenga vijiji vyao vya watoro bara, Fuladoyo na Makongeni, wakajilimia na kujilinda. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria katika mwambao, na hapa msomaji akae kitako: fidia ililipwa kwa mwenye mtumwa. Aliyelima ngwe miaka 30 hakupata hata pishi ya mtama. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi. Mwenye karatasi au shahidi wa kumsemea alikwenda kudai. Mtumwa wa jana, ambaye shamba alilijua kwa jembe, na Mmijikenda, ambaye ardhi yake ilijulikana kwa kaya na makaburi, walijikuta wakiitwa maskwota mahali walipozaliwa. Neno hilo tunalo mpaka leo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyatolea ripoti mambo ya namna hii mwaka 2013, na ripoti imekaa.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na swali moja tu: nani atalima sasa? Jibu lake likawa Mgiriama. Alikuwa akilima mahindi yake kwa uhuru hadi ng'ambo ya Sabaki, akiyauza mwenyewe, hana shida ya kibarua. Akawekewa kodi ya kibanda, akatakiwa kutoa vijana wa kwenda kufanya kazi mashambani, akaambiwa ahame ukingo wa kaskazini wa mto. Mekatilili wa Menza aliposimama mwaka 1913 kuwaapisha watu wake wasitoe mwana hata mmoja, alikuwa anapinga jaribio la kuziba kwa mikono ya Wagiriama pengo lililoachwa na watumwa. Alikamatwa, akapelekwa Kisii, akatoroka, akarudi kwa miguu, akakamatwa tena. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, kwa baruti.

Sanamu ya Mekatilili iko Malindi, na ni jambo jema. Lakini ni nani anayemwelekeza mgeni kutoka kwenye sanamu ile hadi Nyumba ya Nguzo na kumwambia kwamba hiki na kile ni kisa kimoja? Mji umeyatenganisha. Mekatilili amepewa sikukuu na ngoma, nyumba imepewa tiketi, na kamba iliyoyaunganisha, yaani shamba, deni na kazi ya kulazimishwa, imekatwa na kutupwa.

Yaliyofuata katika maisha ya jengo tutayapitia kwa haraka. Wakati wa ukoloni liligeuzwa hospitali. Baadaye likawa la ofisi za serikali, Idara ya Uvuvi ikiwamo, na kwa mji wa wavuvi hilo halikuwa jambo dogo. Nje ya kuta zake Malindi ilianza kujiuza kwa wazungu. Hoteli zilianza katika miaka ya 1930, Hemingway akapita mwaka 1934 na fimbo zake za kuvulia samaki. Katika miaka ya 1960 Waitaliano walisimika majukwaa yao ya chuma baharini huko Ngomeni na kurusha setilaiti, mojawapo ikipewa jina la Uhuru kwa kuwa ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Wengine wakaja kutazama, wakapenda samaki, wakabaki. Leo mtoto wa Malindi hukuhesabia bei kwa Kitaliano kabla hujamaliza kuuliza. Hayo nayo ni historia, wala hatuyadharau, ila jengo lilikuwapo pale wakati wote, likibadilishiwa kazi na kila bwana aliyekuja, na kila bwana akaacha kitu humo.

Tunajua utetezi utakaoletwa. Utasema: makavazi yapo, yana maonyesho, yana yule samaki wa kale aliyevuliwa mwaka 2001 katika bahari ya Malindi, yule ambaye wataalamu wa dunia walidhani ametoweka mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Kweli, yupo, na kila mwanafunzi aliyemwona hamsahau. Utasema pia kwamba kuna habari za Mijikenda na vigango vyao vya kuwakumbukia marehemu. Vizuri. Lakini vigango viwili vilivyoibwa makaburini na kuuzwa Marekani vilirudishwa mwaka 2007 kwa sababu kuna watu walikataa kuviona kama vinyago vya kupamba sebule. Walisisitiza kwamba ni marehemu wa fulani, wa ukoo fulani, wa mahali fulani. Ukali huo huo ndio tunaoutaka juu ya nyumba yenyewe. Chombo kilicho ndani ya kabati la kioo kinaelezwa. Kabati kubwa kuliko yote, yaani jengo, linaachiwa mgeni alisifu kwa uzuri wa nguzo zake.

Utetezi wa pili ni wa fedha, na huo tunausikiliza kwa makini zaidi kwa kuwa kuta za chokaa hazingoji. Fundi yeyote mzoefu wa nyumba za mawe atakwambia kwamba jiwe la matumbawe linapumua. Hunywa unyevu wa chini na wa upepo wa bahari, kisha huutoa kupitia chokaa. Ukilipiga lipu ya saruji, umelifunga pumzi. Unyevu hubaki ndani na chumvi yake, chumvi huganda na kusukuma, na baada ya misimu michache lipu huvimba, huchubuka, hudondoka vipande vipande pamoja na uso wa jiwe. Mwenye jengo huona lipu imeanguka, humwita fundi aongeze saruji. Hivyo ndivyo nyumba nyingi za mawe za pwani zinavyouawa na watu wanaodhani wanazikarabati. Saruji ni rahisi, inauzwa kila kona, na zabuni yake huandikwa kwa dakika kumi. Chokaa inataka tanuu, subira na fundi anayejua niru, na fundi huyo akifa bila mwanafunzi hakuna zabuni itakayomfufua.

Asiyeamini avuke bahari. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilikuwa fahari ya mwambao wote, nyumba ya kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme. Ilinusurika mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, siku kasri jirani, Beit al-Hukm, lilipovunjwa. Ikawa ofisi za Waingereza, ikaingia mikononi mwa serikali ya mapinduzi, ikawa makavazi. Mji Mkongwe uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na cheti hicho hakikuzuia roshani kuporomoka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya ukarabati ambao Oman ilikuwa inaugharimia, mnara wa saa na sehemu ya mbele vikaanguka. Wafanyakazi wawili wakafa. Kila mtoto wa pwani anaijua methali ya ufa na ukuta, Zanzibar waliisoma kwa maiti mbili. Tunaitaja Zanzibar kwa huzuni ya jirani. Wao walikuwa na jina kubwa, wafadhili wakubwa na wataalamu, na bado walichelewa. Malindi ina nini cha kuifanya iwe na bahati zaidi?

Tena ufuko wa Malindi una tatizo lake. Mvua zikinyesha bara, Sabaki hushuka mwekundu kwa udongo wa mashamba ya nchi za juu, na ghuba yote hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Mchanga huo hujaza pwani, na pale ufuko unapozidi kuwa mpana, mtu huota macho ya tamaa. Kiwanja kipya kimezaliwa! Ghafla pana mabati, pana mlinzi, pana karatasi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, imeitaja waziwazi ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hakuna liwali, hakuna diwani, hakuna mwekezaji wa Roma wala wa Nairobi anayeweza kuuziwa ufuko wa maji. Nyumba ya Nguzo ilijengwa iitazame bahari kwa sababu mali yake ilikuja na kuondoka kwa bahari. Ikizungushiwa vibanda na kuta za watu binafsi hadi isiione tena, maelezo yake yatakuwa yamefutwa hata kama jiwe moja halikuguswa.

Sasa amri zetu, na tunazitoa kwa wenye dhamana kwa majina ya ofisi zao.

Makavazi ya Kitaifa yaweke nje ya jengo, mahali mpita njia asiyelipa tiketi atapasoma, maelezo ya Kiswahili na Kigiriama ya jinsi jengo lilivyopatikana: mashamba ya mtama na ufuta, watu wa Nyasa waliolima, mikopo, sheria za 1907 na 1908, Mekatilili, hospitali, wavuvi. Yasiandikwe kwa lugha ya kukwepa. Neno mtumwa liandikwe, na neno fidia liandikwe karibu yake pamoja na jina la aliyelipwa, yaani bwana. Wapo jamaa wa kila upande katika mji huu, waliotokana na waliomiliki na waliotokana na waliomilikiwa, wengi wameoana, na tunajua wapo watakaoona haya. Haya haijamuua mtu. Kunyamaza ndiko kulikofanya mjukuu wa mtoro na mjukuu wa liwali wakutane mahakamani kila mmoja akidhani mwenzake ni mwizi.

Kaunti ya Kilifi iache kujificha nyuma ya Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali kuu majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, hilo ni kweli. Jedwali hilo hilo linazipa kaunti makavazi, na linazipa fuko za bahari, kwa maneno yasiyohitaji wakili. Basi kaunti ipime ufuko wa mji, isimike mawe ya mipaka, itangaze ramani hadharani, na kila kibali cha ujenzi mbele ya Nyumba ya Nguzo kipitie kwa wahifadhi kabla hakijafika kwa mhandisi. Pia ilipie mafunzo ya mafundi wa chokaa katika vyuo vyake vya ufundi. Vijana wa Gede, Dabaso na Mida wanaohangaika na bodaboda wana babu zao waliochoma matanuu. Ufundi huo haujatoka mbali.

Na tusisahau Gede. Mwezi wa Julai 2024 mji huo wa kale uliandikwa katika Urithi wa Dunia, na tulishangilia, tukastahili kushangilia. Mwanaakiolojia Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, umelindwa kisheria tangu miaka ya 1920, na sasa dunia imekubali. Lakini kuna raha fulani isiyo na gharama katika kupenda magofu. Gofu la karne ya 15 halimdai mtu shamba. Hakuna aliye hai anayeweza kusema ukuta huu ulijengwa kwa jasho la bibi yangu. Nyumba ya Nguzo ina umri wa bibi wa bibi zetu, na deni lake bado liko katika vitabu vya ofisi ya ardhi. Ndiyo sababu Gede inasifiwa kwa hotuba na Nyumba ya Nguzo inapigwa rangi tu. Sisi tuliokaa karibu na vyote viwili hatukubali kuchaguliwa kilicho rahisi.

Walimu wa Dabaso nao hatuwaachi. Basi la shule likienda Malindi, lisiishie kwa samaki wa kale na aiskrimu. Watoto waanzie Msikiti wa Ijumaa, watembee hadi Nyumba ya Nguzo, wafike kwenye sanamu ya Mekatilili, na katika kila kituo waulizwe swali moja: nani alifanya kazi hapa, na nani alilipwa? Hilo halihitaji bajeti wala semina.

Msomaji, mkutano wa bajeti ya kaunti ukiitishwa katika wadi yako, nenda. Uliza fungu la chokaa ya Nyumba ya Nguzo ni shilingi ngapi, na ufuko wa Malindi unapimwa lini. Usikubali kujibiwa kwamba hilo ni la Nairobi.